Ini la Mgonga Magurudumu

Habari ilinifikia kabla sijanywa chai: mzee aliyekuwa akigonga magurudumu ya treni katika stesheni yetu ya Kindu ameaga dunia. Jirani aliyeniletea habari alimwombea rehema, kisha papo hapo akaongeza, "Ini njo limemuua. Lotoko haiachaka mutu." Nikatikisa kichwa kukubali, kama tunavyofanya wote pombe ya mtu mwingine inapotajwa. Naandika leo kwa sababu ya kichwa hicho kilichotikisika.

Kwa wasiomjua, kazi yake ilikuwa kupita kando ya mabehewa na nyundo ya mpini mrefu, akigonga gurudumu moja moja na kusikiliza. Gurudumu zima huvuma. Lenye ufa hutoa sauti fupi, butu. Wakati wa vita, nikiwa karani pale stesheni, wanajeshi wenye haraka ya kupeleka mizigo yao kusini walimwamuru aruhusu treni iondoke. Akagonga, akasikiliza, akakataa: "Hili liko na ufa. Haliende." Mkubwa wao akamuuliza nani amemtuma awacheleweshe. Siku zile swali hilo lilikuwa kama salamu kwetu. Kila mtu alikuwa ametumwa na mtu. Nami, Mungu anisamehe, niliwaza hivyohivyo. Walimchapa mpaka akazimia, wakaliacha behewa, wakaenda zao. Baadaye mafundi walilitoa gurudumu wakaukuta ufa, mrefu kama kidole. Kwenye zahanati alidungwa kwa bomba la sindano lililokuwa limeshadunga watu tangu asubuhi, likisuuzwa tu kwa maji ya moto. Mgongo ukapona, tukamshukuru Mungu, na habari ya sindano hakuna aliyeikumbuka tena.

Miaka ikapita. Tumbo lake likaanza kujaa, macho yakawa ya manjano. Alikuwa mwadhini wa msikiti wa mtaani kwetu, na mji ukaona umepata jambo tamu: mwadhini anakunywa kwa siri! Lisemwalo lipo, tulisema, na kama halipo laja. Wazee wa msikiti wakamwomba kwa adabu "apumzike" kuadhini. Hospitali walitaka kumchoma sindano wachukue kipande kidogo cha ini wakakichunguze, akakataa katakata. Mwishowe binti yake, muuguzi huko Afrika Kusini, akamwita akapimwe bila kutobolewa.

Aliporudi alikuja kwangu moja kwa moja, amechangamka kuliko nilivyomwona kwa miaka. "Ndugu, ile mashini inafanya kazi yangu! Unalala ndani ya sumaku mukubwa, banakufunga kitu kama kangoma ka plastiki hapa kwenye mbavu, kanatetemeka kwa hewa inatoka kwenye mupira murefu. Mashini inapiga picha, inaangalia namna mutetemeko unapita ndani ya ini. Ini laini, unaenda polepole. Ini nguvu, unakimbia." Akaweka karatasi mezani. Ini lake lilikuwa gumu sana. "Wewe unaandika kwenye gazeti. Andika kwamba mimi sikunywaka hata siku moja. Nataka niadhini tena mbele ya kufa."

Niliisoma mara mbili. "Papa, hii inasema ini iko nguvu. Haiseme ni nini imeifanya vile. Karatasi ingine hakuna?"

Akatazama pembeni. "Hakuna."

Kule kutazama pembeni ndiko nilikokufanya ushahidi. Sikuandika neno. Nilijiona mjanja, mtu asiyedanganyika kirahisi. Vita vilitufundisha kushuku, na sikatai, kuna walioponea hapo. Lakini bunduki zilipoondoka tulibaki na shuku yetu, tukaipeleka sokoni, msibani, hata msikitini. Mashini ile, kwa ufundi wake wote, ilikomea kwenye kipimo. Sababu tuliiweka sisi, wala hatukuhitaji hata kumgusa mgonjwa.

Siku ya tatu ya msiba mjane wake aliniita ndani. Ni mama anayeuza wali na sombe, yaani kisamvu, karibu na stesheni. Alinipa karatasi ya pili, ya damu: marehemu alikuwa na virusi vya homa ya ini, na huenda alikaa navyo miaka mingi. Kama vilitokana na sindano ile ya vita, hakuna awezaye kuapa. Binti yao, aliyekuja kuzika, alinieleza taratibu kwamba ugonjwa huu hupita kwa damu, hauambukizwi kwa kula pamoja.

"Sasa kwa nini alinificha?" nikauliza.

Mama akajibu, "Alisema watu bakisikia kuna ugonjwa wa kuambukiza ndani ya nyumba, hakuna mutu atakula chakula yangu tena. Afadhali bamuite mulevi."

Nikamuuliza kama naweza kuandika. "Andika. Yeye alinichunga mimi. Wasipokuya kula, basi wasikuye."

Akaniletea sahani ya wali. Nilikuwa nimetoka kuelezwa yote, tena na muuguzi. Hata hivyo mkono wangu ulitoa leso mfukoni ukaanza kufuta kijiko. Mama aliona. Akaendelea kumimina maji. Nikala mpaka nikamaliza, uso unaniwaka kwa haya, nikamwelewa mumewe. Wasomaji wangu, mtu hafichi ukweli kwa kuwa mwongo tu. Mara nyingine anauficha kwa sababu anatujua.