Laini Moja, Vyumba Vinne

Nilijifundisha kompyuta kwa kufungua na kuunganisha, na kwa hivyo kila kilichokwama niliamini nimekiharibu mimi. Mwishoni mwa miaka ya tisini, vyumba vinne vya jengo letu karibu na soko la Gakoromone vilitumia mtandao kupitia laini moja ya simu. Modemu ilikaa kwangu. Nyaya za kwenda kwa majirani nilizivuta mwenyewe.

Kila asubuhi, wote wakishawasha kompyuta, mtandao ulianza kutambaa. Nami nilipanda juu ya kiti, nikakata ncha za nyaya na kuzifunga upya, nikaenda kulia chooni, nikarudi kuzikata tena. Zilikuwa nzima. Sikuziamini, kwa sababu zilipita mikononi mwangu.

Jumapili moja, majirani wakiwa kanisani, nilisingizia homa nikabaki kutafuta kosa langu. Picha ambayo siku za kazi ilishuka mstari kwa mstari ilifunguka kabla sijaketi vizuri. Nyaya zilikuwa zilezile. Waliopungua ni watu. Nilikasirika mpaka nikacheka.

Jumatatu wakaja: mama wa ofisi ya kuchapa, mzee wa miraa kutoka Kangeta aliyeandikiana na wanunuzi wa ng'ambo, na jamaa wa fotokopi mwenye cheti cha kompyuta. Walitaka modemu ihamie kwa mwenye cheti.

"Wewe kasichana, umeharibu nini tena?" mama aliuliza.

"Sijaharibu kitu, mama. Jana mkiwa kanisani mtandao ulikimbia."

"Kwani ni shetani anatumia Jumapili?" mzee aliuliza, akacheka hadi miraa ikamtoka mdomoni.

"Laini ni nyembamba na tunaigawana wanne. Ihamisheni, na wembamba utahama nayo. Lakini kwanza zimeni zote, ibaki yangu."

Wakaenda kuzima, wakinung'unika. Mzee aliporudi alinitajia neno lake la siri, na barua pepe ya mnunuzi wake, iliyokwama tangu asubuhi, ikafunguka mara moja kwenye kompyuta yangu.

"Kumbe!" alisema mama, kisha akakimbilia chumbani kwake awahi kabla ya wengine. Mzee naye mbio. Baada ya dakika chache, mtandao ukarudi kutambaa.

Jamaa wa fotokopi alibaki mlangoni akisikiliza kelele zao. "Nikiichukua, watanitukana mimi," alisema. "Kaa nayo, dada."

Nilikaa nayo. Mama alipopiga ukuta akiuliza nimefanya nini, nilipiga ukuta pia: "Ni ninyi!"