Kikapu cha Baba Mkwe

Enzi za ruksa, kiwanda cha chai kilipopata mmiliki mpya, Atupakisye aliwekwa banda la Suma akague majani ya wakulima. Alikuwa na macho makali, na mdomo wake nao haukubaki nyuma.

Alizamisha mkono hadi chini ya kikapu, akachota konzi, akaimwaga mezani: majani mawili na chipukizi huku, makomavu kule. Kisha akapima kila fungu. Hakutafuta wa kumwaibisha. Alitaka kujua kosa linaanzia wapi. Majani ya mkulima mmoja, Tausi, yalikuwa yakifika mekundu kwa joto. Kumbe aliyashindilia kwenye kiroba. Alipoanza kutumia kikapu, yakafika mabichi. "Jani halisemi uongo," Atupakisye alijigamba.

Kikapu kimoja tu hakukigusa: cha baba mkwe wake, mzee Ambindwile. Kwa mila ya Wanyakyusa, mke wa mwana haonani na mkwewe uso kwa uso, wala hasemi naye. Mzee akitokea, Atupakisye alijifunika kanga na kujibanza nyuma ya banda.

"Dada, nikichambue mimi?" aliuliza Enosi, mtu wa mizani.

"We Enosi! Mkwe wangu achambuliwe kama mtoto wa shule? Pitisha."

Kikapitishwa, msimu mzima. Hata kiwanda kilipourudisha mzigo wa banda lote kwa sababu ya majani makomavu, bado aling'ang'ania. Kesho yake Enosi hakuuliza tena. Alikimwaga kikapu cha mzee mbele za watu: majani magumu, vijiti, hata magugu. Watu wakacheka. Asajile, mumewe Atupakisye, hakucheka. Alimfuata baba yake shambani, akamkuta anachuma kwa kupapasa.

Hospitalini wakaambiwa ni presha ya macho. Ingejulikana majani yalipoanza kuharibika, dawa ingeokoa uoni uliobaki. Sasa wamechelewa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Atupakisye alificha maradhi asiyoyajua, tena ya mtu aliyempenda. Makosa ya jirani aliyapima yote, la nyumbani kwake akalifunika na kuliita heshima. Linamuuma mpaka leo.

Mzee hushinda barazani akiota jua. Siku hizi Atupakisye hupita mbele yake uso wazi, kanga mabegani.

"Nani anapita?" mzee huuliza.

Naye, kwa mila ile ile, hawezi kumjibu.