Mpangaji Aliyegonga Chuma Penye Mita ya Maji

Ting.

Kimya.

Ting.

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri, jogoo hajawika, na mtu anagonga chuma nyuma ya nyumba yangu, pale penye mita ya maji.

Niliketi kitandani nikavuta shuka hadi kidevuni. Ilikuwa siku ya nne mfululizo.

Kama hujui kwa nini niliogopa, basi wewe huishi Barani, hapa Malindi. Mwezi ule mita za maji zilikuwa zinang'olewa na kuuzwa kwa watu wa vyuma chakavu. Kwa jirani yangu Mapenzi waling'oa mbili kwa wiki moja.

Nikasogeza pazia kidogo.

Alikuwa mpangaji wangu, Gerishom. Amechuchumaa, tochi ya simu iko chini, na mkononi ameshika kitu kirefu cha chuma.

Ngoja niwaambie Gerishom ni nani. Ni fundi wa friji, mtu wa bara, umri unakaribia sitini. Katika chumba changu cha uani alikuwa amekaa miaka miwili. Kila akipita alinipa shikamoo huku ameinama kidogo, ingawa kwao hawana salamu hiyo. Alijifunza kwa ajili yetu. Nilipougua malaria aliniletea uji kwenye chupa ya chai, akauacha mlangoni asiniamshe.

Hayo yote niliyasahau kwa sababu ya ting.

Baba yangu alikuwa mhunzi, kule upande wa Rabai, kwa hivyo masikio yangu yanakijua chuma. Na milio ile ilikuwa miwili. Chuma kimoja kiliimba, sauti ikaenda mbali. Kingine kilikohoa tu kikanyamaza.

Nikajiambia: ana vyuma vya aina mbili. Kimoja cha kung'olea, kingine cha kupigia.

Asubuhi nikamweleza mjukuu wangu Nelly, ambaye ni msusi na tunaishi naye. Huniita hawe, yaani bibi.

"Hawe, huyo baba ni noma. Watu wapole kupita kiasi ndio wa kuogopa."

"Usimseme mtu vibaya."

"Sasa kugonga chuma penye mita alfajiri ni ibada?"



Gerishom alipokwenda kazini, nilichukua ufunguo wa akiba nikafungua chumba chake. Moyo ulinipiga kama mimi ndiye mwizi. Chini ya kitanda kulikuwa na mikoba miwili mirefu. Ndani yake, fimbo za chuma zilizopinda mwishoni kama visigino, kila moja ina namba.

Maisha yangu yote sijaona vitu kama vile. Nikachomoa moja, namba saba, nikaifunga kwenye kanga na kuificha nyuma ya kabati la vyombo.

Ushahidi.

Kisha nikampigia simu Masha, mzee wetu wa nyumba kumi.

Jioni Masha akaja na vijana wawili, na majirani wakafuata nyuma. Gerishom hakubisha. Alitoa mikoba mwenyewe.

"Ni fimbo za gofu, mzee."

Masha akacheka hadi akakohoa. "Gofu! Wewe unayelala chumba cha uani?"

"Nacheza Jumapili. Ujanani nilikuwa nawabebea wachezaji mikoba. Sasa kuna muuzaji amenipa hii miwili, nichague mmoja kabla ya Jumamosi. Anasema yote ni chuma cha kufuliwa, kile kilichochomwa kikapigwa nyundo. Ukipiga mpira nacho, mkono unasikia raha. Nimekitamani miaka thelathini. Lakini sina hakika naye, ndiyo maana nazigonga fimbo nisikilize. Alfajiri ndiyo kuna kimya."

"Na kwa nini penye mita?"

Gerishom akainamisha kichwa. "Huwa nipo pale tu."

Jibu lile halikumridhisha mtu.

Akaanza kuzirudisha fimbo mkobani. Akasimama. Akazihesabu tena. Akapiga magoti akatazama chini ya kitanda.

"Saba ya mkoba huu haipo," akasema. "Nitamwambia nini mwenyewe?"

"Lo! Mwizi kaibiwa!" mtu akapaza sauti, watu wakaangua kicheko.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Kutoka pale hadi kwenye kabati langu ni hatua chache tu.



Aibu ilinifunga mdomo, na kila dakika iliyopita ilikaza fundo.

Jumamosi Gerishom alihama. Alinipa ufunguo kwa mikono miwili. "Asante kwa kunihifadhi, mama." Hakuniuliza kitu.

Jumapili alfajiri hakukuwa na ting. Nililala vizuri mno.

Nilipoamka nikaenda kuchota maji ya chai. Pipa la kwanza, pale penye mita, tupu. La pili tupu.

"Nelly! Leo mbona hukujaza maji?"

Akatoka anapiga miayo. "Mimi? Hawe, mimi naamka saa moja. Si wewe hujaza?"

Tukatazamana.

Mtaa wetu maji hutoka kwa muda wa saa moja tu, alfajiri, kisha mfereji unakauka. Kwa miaka miwili tulikuta mapipa yamejaa na kufunikwa. Mimi nilidhani ni Nelly. Nelly alidhani ni mimi.

Kumbe Gerishom alikuwa akikaa pale akingoja yajae, yasije yakafurika. Na wakati akingoja, anasikiliza vyuma vyake.

Nikaketi pale pale penye mita, nikalia.

Siku ileile nilikwenda kwa Masha nikamweleza ukweli.

"Mama, jamaa ameshahama. Ungenyamaza tu, yaishe."

"Nimenyamaza vya kutosha," nikamwambia. Nikapita mlango kwa mlango: kwa Mapenzi, kwa wale waliocheka, kwa wote. Nikawaambia: ile saba niliichukua mimi.

Kumpata yeye kulinichukua wiki tatu. Alikuwa amehamia Takaungu. Nilimkuta barazani amefungua friji ya mtu, skrubu mdomoni.

Akazitema, akainuka. "Shikamoo, mama."

Nikaweka kanga mbele yake. Akaifungua, akaiona saba.

"Ni mimi," nikasema.

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Ufunguo mwingine ulikuwa kwako peke yako, mama."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Mbele ya watu wote wale? Nikuaibishe, mtu mzima kama wewe?"

Nilitamani ardhi inifiche.

Akanieleza kwamba muuzaji alikataa mkoba wenye pengo, ikabidi aununue huohuo. Uchaguzi wake uliishia hapo. Nikamwomba alete fimbo nyingine ya mkoba ule. Nikaining'iniza kwa uzi wa kanga, kama baba alivyofanya na majembe, nikaigonga kwa msumari.

Ilikohoa.

Ningeweza kunyamaza tena. Sikunyamaza.

"Mwanangu, hiki hakikufuliwa. Kimemiminwa kwenye kalibu. Ule mkoba mwingine ndio uliokuwa unaimba. Nimekukosesha ulichokitamani."

Alinitazama. Halafu akaanza kucheka, akacheka hadi akafuta machozi.

"Mama, wiki tatu najigamba kwa wenzangu, chuma cha kufuliwa hiki! Na sijawahi kupiga vizuri hivi. Tazama mgongo wake, una shimo, uzito umekwenda pembeni. Hata nisipogonga katikati, mpira unafika. Mimi na miaka yangu ya kukosakosa, hiki kinanivumilia. Tafadhali usiwaambie."

Nikamwomba arudi, chumba chake kipo.

Akatikisa kichwa polepole. "Hapa nimetulia. Kule nikipita na mkoba, bado kuna atakayegeuka kunitazama."

Hilo ndilo ninalolibeba mpaka leo.

Wenzangu mnaosoma, mimi nilizoea kukijua chuma kwa mlio mmoja, nikadhani na mtu anajulikana hivyo. Kabla hujamwita mzee wa mtaa, zunguka nyumba yako kwanza. Tazama ni kazi gani inafanyika kila siku na hujawahi kuuliza nani anaifanya.

Nilipoinuka kuondoka, Gerishom alinisindikiza hadi barabarani.

"Jumapili uje tena, mama," akasema. "Ila ukiondoka, fimbo zangu nitazihesabu."