Siku Sumie Alipoweka Ufagio Chini

Kwa miaka kumi na tisa Sumie alifagia hekalu la juu, huko milima ya Tamba, na hakuna mgeni aliyewahi kuteleza. Ikifika saa moja asubuhi majani yote yaliyoanguka yalikuwa nyuma ya ghala. Wageni walikuta mawe meupe chini, na juu yao miti ya momiji imewiva, majani yake yamegeuka mekundu na kuchanua kama viganja vya mtoto mchanga.

Mwaka jana alimleta mama yake, Bi Toku. Aliingoja siku ambayo rangi ilikolea kuliko zote, akamzungushia mitandio miwili, na mumewe Tadao akasukuma kiti cha magurudumu kwa njia ya nyuma isiyo na ngazi. Waliporudi nyumbani, wakinywa chai, Sumie akamuuliza mama ameonaje.

"Nimeona umefagia vizuri sana," alisema Bi Toku.

Tadao alicheka mpaka chai ikampalia. Sumie hakucheka. Alitazama mgongo ule uliopinda kwa miaka sitini ya kupandikiza mpunga, na shingo isiyonyanyuka tena, kidevu kimelala kifuani. Maskini, alimpeleka mama kuona majani, akamwonyesha mawe.

Kwa hiyo mwaka huu aliyataka majani chini, na yawe bado mekundu. Si jambo jepesi hilo. Jani likichelewa kuanguka hujikunja mtini na kuwa la kahawia. Mvua ikilikuta chini, kesho yake limeoza. Alihitaji usiku wa baridi, mchana wa jua, kisha upepo mkavu, na asubuhi inayofuata awahi kabla watu hawajakanyaga.

Mwaka wenyewe ukawa mkaidi. Joto liling'ang'ania mpaka Oktoba, watu wakalala madirisha wazi, na katikati ya Novemba momiji bado ilikuwa kijani kama mchicha. Majirani walisema mwaka huu hakuna kitu. Bi Toku alikuwa na miaka tisini na moja, na daktari alishasema Desemba ikiingia asitolewe nje kabisa. Sumie akatundika kipimajoto dirishani, akawa anakichungulia hata kabla ya kunawa uso.

Tarehe ishirini na moja kilishuka hadi digrii nne. Kesho yake tatu. Siku ya tatu umande uliganda juu ya majani ya figili bustanini, na mchana jua likatoka kali, anga haina hata kiwingu. Ndani ya siku tano mlima mzima uliwaka. Mabasi ya wageni yakaja, na hekaluni kila mtu akaomba hali ya hewa itulie.

"Mama watoto, kijiji kizima kinaomba upepo usije," Tadao alimwambia, "wewe peke yako unauita. Wakikujua watakucharaza na huo ufagio wako."

"Basi usiwaambie."

Upepo ulikuja Alhamisi, mkavu, ukavuma mchana kutwa. Sumie alimenya maharage meusi huku anatabasamu kila mlango ulipojibamiza. Kisha akampigia simu mtawa mkuu, akaomba kitu ambacho hajawahi kukiomba: kesho asifagie. Mtawa akasema wageni huanza kuingia saa tatu, mpaka hapo njia ya nyuma ni ya Bi Toku, naye mwenyewe atazungukia upande wa pili asije akaikanyaga.

Asubuhi njia haikuonekana. Ilikuwa nyekundu tupu, toka ukuta hadi ukuta, na jua la chini likipenya kwenye majani. Tadao alisukuma taratibu. Kila hatua chache Bi Toku alipiga mkono wa kiti ili wasimame, akatazama, akapiga tena waendelee.

"Sumie."

"Abee, mama."

"Leo hukufagia."

"Sikufagia, mama."

"Miaka yote hiyo unajichosha bure," alisema Bi Toku, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Walizunguka mara tatu. Ilipokaribia saa tatu Sumie akauchukua ufagio, lakini mama akaudaka kwa mpini.

"Weka chini kwanza. Upande wa kule sijauona."

Sumie akauweka chini, na Tadao akageuza kiti.