Kitabu Nilichokichana kwa Kuanzia Mwisho

Vitabu vya watoto vinanichosha kuliko watoto wenyewe. Nasema hivyo nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye miaka mingi ya chaki kwenye kucha, na mama wa watoto watatu ninaowafundisha mwenyewe mezani kwangu hapa Nyabiondo. Shule yetu imejaa watu lakini haina wanafunzi. Familia zilizokimbia kutoka vilima vya ng'ambo zinalala madarasani, na madawati yameshakuwa kuni. Siwalaumu, hata mimi ningepika. Basi kila asubuhi, nikishakaanga mandazi yangu ya kuuza, nafuta meza, nawaketisha wanangu na kuwaambia maneno niliyowaambia watoto wa wenzangu miaka yote: onyesheni mikono. Asiyenawa hagusi kitabu. Mwenye kucha chafu anarudi kwenye ndoo ya maji, hata akilia.

Wadogo wawili walikwenda vizuri. Aliyeninyima usingizi alikuwa mkubwa wao, msichana wa miaka kumi na mmoja. Alisoma Kifaransa kwa sauti bila kukwama, kama mtangazaji wa redio, akitua kila penye nukta. Ukimwuliza ukurasa umesema nini, anakukodolea macho kana kwamba umemwuliza habari za jirani asiyemjua. Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ulikuwa unakaribia, angeufanyia Masisi pamoja na watoto wa shule nyingine, na mtihani ule hausahihishi sauti. Msichana anayeanguka huku kwetu haandikishwi mara ya pili. Anapewa jembe, kisha anapewa mume, halafu watu wanasema Mungu ndiye aliyepanga. Wangu nilitaka asome na aelewe. Nilihitaji kitabu kitakachomshika, kimoja tu.

Nilianza na vile vya shemeji yangu, kaka wa mume wangu, ambaye ni katekista na ana sanduku zima la vijitabu vya maadili. Katika kila kijitabu kuna mtoto mtiifu na mtoto mkaidi, na ukifika ukurasa wa pili unajua nani ataliwa na mamba. Mamba, hapa Masisi! Huku mtoto mkaidi anakanyagwa na ng'ombe, basi. Lakini waandishi wa vijitabu vile hawakujisumbua kuuliza. Nilimrudishia shemeji sanduku lake siku ya tatu.

"Shemeji, hizi zinafundishaka batoto heshima," alisema, uso umemshuka.

"Shemeji, hizi zinalalishaka batoto. Angalia ule mudogo, iko analala juu ya meza."

Kisha nikapata cha kilimo na ufugaji, chenye picha kubwa za rangi. Kiliandika kwamba ng'ombe ni mnyama, na kwamba ng'ombe hutupa maziwa. Mchoraji alikuwa amemwekea kiwele katikati ya miguu ya mbele. Mwanangu wa miaka saba, ambaye hukamua kwa mjomba wake kila Jumamosi na amewahi kupigwa teke la kweli, aliinama juu ya ile picha kwa muda mrefu.

"Mama, mwenye kuandika hii, alikuwaka mugonjwa?"

Nilikifunga kitabu.

Baadaye wageni walikuja na gari jeupe, wakashusha makartoni ya vitabu kwenye ua wa kanisa, wakapiga picha na watoto, wakapiga picha na makartoni, wakapiga picha na matope, wakaondoka. Tukaitwa walimu na wazazi kuchagua. Niliwahi mapema nisije nikabakiziwa takataka, na nikakuta yote ni takataka. Palikuwa na kitabu cha kupika keki kwa mashine. Palikuwa na kitabu kimoja cha hesabu, nacho kimejazwa majibu na mtoto mwingine, mengi yakiwa ya uongo. Palikuwa na hadithi ya watoto wanaoficha meno yao yaliyong'oka chini ya mto wa kulalia. Nilijiuliza ni nani aliyekaa akafikiri kwamba sisi, na shida zetu hizi, tunachokosa ni meno chini ya mto. Wenzangu walikuwa wanashukuru kwa sauti. Watu wetu wakipewa kitu bure wanashukuru kwanza, kisha ndiyo wanaangalia ni nini, na tabia hiyo inanitia kichefuchefu.

Nilichukua kimoja kwa sababu kilikuwa kinene. Nyumbani nikasoma kurasa tatu. Msichana mmoja wa mji wa mbali, kwenye baridi na theluji, amepotelewa na mbwa wake, anashuka ngazi za nyumba ndefu akimwita. Nikageuza nione kitabu kinafika wapi: kurasa mia mbili. Kurasa mia mbili za mbwa! Kwetu mbwa akiingia jikoni anafukuzwa kwa mwiko. Nikakitupa juu ya kabati.

"Najua namna inaishaka," nilimwambia mume wangu. "Imbwa inarudia, mutoto analia, banakula gâteau, ile keki yao. Kitabu ya bure."

Mume wangu alikuwa anashusha madumu ya mawese kutoka kwenye pikipiki. Yeye ni mtu wa Walikale, huyaleta mafuta hayo kutoka kwao Mpofi, na baba yake ni mwindaji. Alisimama na dumu mkononi.

"Kwetu imbwa ikipotea, batu hawachekake," alisema.

"Kwenu," nikamjibu. Nilivyolitamka neno hilo, sikuhitaji kuongeza lingine.

Nilijua anawaza nini. Likizo iliyotangulia, mkubwa wetu alikuwa Mpofi kwa babu yake wakati mbwa wa mzee, yule aliyevishwa njuga ya mti shingoni ili asikike akiwa ndani ya pori, aliposhindwa kurudi kutoka kwenye mawindo. Mzee alimtafuta siku nne. Mtoto alirudi nyumbani akinisimulia jinsi walivyokuwa wakikaa kimya nje ya nyumba, wakitega masikio. Nilimsikiliza huku nikikanda unga. Watu wa msituni wana mambo yao, nilijiambia, na nikamwuliza kama alipiga mswaki siku zote hizo.

Sasa, mandazi huuzwa yamefungwa kwa karatasi. Sokoni kwetu kila kitu kinafungwa kwa karatasi, chumvi, karanga, hata dawa ya meno ya unga, na karatasi nzuri ni ya kitabu, kwa sababu inafyonza mafuta. Madaftari ya zamani yalikuwa yameniishia. Nikainua macho juu ya kabati, nikamwona yule mbwa.

Nilianza kuchana kutoka nyuma. Hilo nilikuwa nimelipima kwa akili yangu timamu ya ualimu: kitabu kikichanwa kutoka nyuma kinabaki na jalada lake na uso wake, kikiegeshwa kwenye kabati kinaonekana kizima, na wageni wa gari jeupe wakirudi na kamera zao hawatakosa cha kupiga picha. Kurasa kumi kila asubuhi, kumi na mbili siku ya soko. Nilijisikia mwerevu. Hatimaye kitabu cha wafadhili kilikuwa na kazi.

Wiki hizo mkubwa wangu alikuwa mwema ajabu. Aliamka mapema, akajitolea kupangusa vumbi kwenye kabati, jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Nilidhani amekua. Kisha dereva mmoja wa pikipiki, mteja wangu wa kila asubuhi, akaniuliza huku anatafuna:

"Mwalimu, ni devoir gani ile unapatiaka mutoto? Jana alikuja kuniomba karatasi ya mandazi. Nilikuwa nishaifinyafinya, akasema hapana, nimupatie tu vile vile."

Nikamwambia ni kazi ya nyumbani, ya usafi. Nilirudi nyumbani mbio.

Chini ya kitanda chake, nyuma ya viatu, nikakuta lundo la kurasa limekandamizwa kwa jiwe. Zilikuwa nyekundu kwa mawese, zinang'aa, kiasi kwamba maneno ya upande wa pili yalionekana yakipita katikati ya maneno ya upande wa kwanza. Zimenyooshwa moja moja na kupangwa kwa namba. Penye namba iliyokosekana aliweka kijiti cha fagio. Nikaelewa. Alikuwa anasoma kile kitabu kutoka mbele huku mimi nikikichana kutoka nyuma. Kila asubuhi alipopangusa kabati alikuta kimepungua, akasoma haraka zaidi, mpaka siku moja hadithi ikamkatikia mkononi, ndipo alipoanza kuzunguka nyumba za watu kuomba iliyobaki.

Nilimwita mezani. Alikuja na mikono mbele, viganja juu, kama nilivyomfundisha.

"Hizi kurasa zinasema nini?" nikamwuliza.

Nikategemea yale macho ya kukodoa. Badala yake akaanza kusema, na hakunyamaza. Alinieleza yule msichana, na mama yake anayefanya kazi usiku, na mzee wa ghorofa ya chini aliyejifanya hakumwona mbwa kumbe alimwona. Alinieleza kwa nini mzee alidanganya, jambo ambalo, alisema, kitabu hakikuliandika waziwazi, "lakini ukisoma vizuri unaona." Ukisoma vizuri unaona! Miaka yote nilikuwa nikiililia sentensi hiyo kutoka kwa watoto wa watu. Nilivuta kiti, nikakaa.

"Mama," akasema, "zile za mwisho sikuzipata. Ulikata zile wakati sijajua bado. Lakini ulimwambia Papa uko unajua namna inaishaka. Uniambie."

"Imbwa inarudia," nikasema.

"Inarudia namna gani? Ni nani anaiona?"

Nikakohoa. Nikapangusa meza ambayo haikuwa na kitu.

"Mama, ulisomaka mpaka mwisho?"

"Hapana."

"Ulisoma ngapi?"

Ningeweza kusema hamsini. Mimi, niliyewasimamisha watoto wa watu kwenye kona ya darasa kwa uongo mdogo kuliko huo, nilijaribiwa kusema hamsini.

"Tatu."

Hakulia. Angelia ningemkumbatia, mambo yakaisha. Alikusanya kurasa zake taratibu, akazisawazisha kingo.

"Imbwa ya Koko haikurudiaka," alisema, akimtaja babu yake wa Mpofi. "Nilitaka kuona kama ile ya ule musichana wa kitabu ilirudia."

Siku mbili nilizunguka Nyabiondo nikiwauliza wateja wangu, mwalimu mzima, walifanyia nini karatasi za mandazi. Wengi waliwashia moto. Mmoja alizibia tundu la ukuta, nikaenda nikabandua, ikawa ni ukurasa wa madaftari yangu ya zamani. Wengine walicheka tu, wakageuza uso, nami nikaelewa zilikomalizikia. Za mwisho hazikupatikana. Vitabu nilivyovidharau ni vingi na sitamwomba radhi hata mmoja wa waandishi wao, yule wa kiwele hasa. Lakini mwandishi wa mbwa sikumjua, nilimhukumu kwa kurasa tatu, na hukumu yangu ikaliwa na watu pamoja na mandazi.

Mtihani ulipofika baba yake alimpeleka Masisi kwa pikipiki. Mtoto alirudi na vumbi mpaka kwenye kope. Nikamwuliza kifungu cha kusoma kilikuwa cha nini.

"Ya mahindi. Namna ya kuyalinda na bafuko benye kuchimbaka udongo," alisema, akivuta mdomo kama ninavyouvuta mimi. "Ilikuwa ya bure. Lakini niliisoma mpaka mwisho."

Alifaulu. Alipofaulu, mimi sikupiga vigelegele. Nilimwachia baba yake na shemeji, wanaojua kelele.

Mwezi uliopita gari jeupe lilirudi na makartoni. Safari hii sikuwahi mapema. Alikwenda mkubwa wangu, akakaa huko asubuhi nzima, akarudi na vitabu vitano kichwani, akavipanga chini ya kitanda chake, mbali na kabati langu. Jioni nikamkuta mlangoni amejikunja na kimoja, midomo inachezacheza. Kimoja kilikuwa pembeni yake, jalada la kijani. Sikukijua, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka nilitaka kujua kinasema nini.

"Unipatie kile," nikasema, nikanyoosha mkono.

Hakuinua macho mpaka alipofika kwenye nukta. Kisha akakivuta kile cha kijani kifuani kwake.

"Mama, onyesha mikono."

Nikaigeuza viganja juu. Ilikuwa myekundu kwa mawese mpaka kwenye vifundo. Nikaenda kwenye ndoo.