Vipande Vinavyohama

Asubuhi, ukungu wa Ziwa Babati unapopanda hadi kijiji cha Nakwa, mahindi ya Rehani huonekana kama yamesimama majini. Msimu ule panya walikuwa wamefukua mbegu zake mara mbili. Kwa hiyo Edda, mtafiti kijana wa mambo ya urithi wa wanyama, alipoomba kutega mitego shambani, Rehani alikubali upesi. Alidhani amekuja kuwaua.

Edda hakuwaua. Alikata kipande kidogo cha sikio, akakitia kwenye kichupa, kisha akamwachia panya akimbie zake.

"Sasa si atarudi kula?" Rehani alishangaa.

"Atarudi, Mama Salimu. Mimi nataka kujua ukoo wake tu."

Rehani alicheka, lakini neno hilo lilimkaa moyoni. Yeye ukoo hakuwa nao. Akiwa mtoto mdogo aliachwa stendi ya mabasi Babati, na Bi Tunu, muuza vitenge, ndiye aliyemchukua, akampa jina, akamlea. Rehani hakuwahi kuuliza zaidi. Aliogopa mama yake angeona kana kwamba malezi hayakutosha.

Baada ya siku chache Edda alimwalika Maisaka, mjini Babati, kwenye chumba alichopanga kwa ajili ya vifaa vyake. Alivuta pazia, akawasha taa ya bluu chini ya kibamba laini cha jeli. Mistari midogo ikaanza kung'aa, mmoja baada ya mwingine, kama madirisha ya nyumba za ng'ambo ya ziwa.

"Hawa ni panya wako, kutoka vile vipande vya masikio," Edda alisema. "Ndani ya mwili wa kila mmoja kuna maandishi marefu ya urithi, DNA. Humo kuna vipande vinavyojirudia, maelfu kwa maelfu. Kipande kinajinakili, nakala inaruka na kujichomeka mahali pengine. Ikishakaa, watoto na wajukuu wanairithi palepale."

"Vinahama bila kuaga," Rehani alinong'ona.

"Ndiyo. Huyu mstari wake uko nyuma kwa sababu DNA yake hapo ni ndefu zaidi na hupita polepole kwenye jeli, ana kipande. Yule hana. Ukikuta wawili wana kipande kilekile mahali palepale, basi huko nyuma wana bibi mmoja."

Rehani aliinama karibu zaidi. Mwanga wa bluu ulimpanda mikononi, vidole vyake vikawa kama vya mtu mwingine, mtu wa zamani sana.

"Na sisi watu?"

"Tunavyo pia. Karibu nusu ya maandishi yetu ni vipande hivyo na mabaki yake. Vingine vina asili moja na hivi vya panya. Na vingi sana, mama, mimi na wewe tunavyo mahali palepale."

Rehani aliaga. Alirudi kwa miguu, akiacha bodaboda zimpite. Alihisi mwili wake umejaa watu asiowajua, wamelala kimya, na hakuna hata mmoja aliyemwacha stendi.

Alipitiliza hadi kwa Bi Tunu, akamkuta barazani akikunja vitenge.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona macho yako mbali?"

"Mama, siku ile uliyonipata, nilikuwaje?"

Bi Tunu aliweka kitenge chini taratibu. "Nimesubiri swali hilo mpaka nimezeeka," alisema. "Mwanamke mmoja mwembamba alishuka kwenye basi, akaniambia nikushike anunue maji. Nilifunga biashara jioni bado nimekubeba. Hukulia. Ulikuwa unaimba, lugha siijui. Uliimba wiki nyingi, halafu ukaacha."

"Wimbo wenyewe unaukumbuka?"

Bi Tunu alifumba macho, akaanza kuimba kwa pua, polepole, akipotea na kurudi. Rehani alilaza kichwa mapajani mwake na kusikiliza hadi mwisho. Hakuutambua hata kidogo.

"Nimeukosea mahali," Bi Tunu alisema.

"Haidhuru, mama. Rudia."