Mkono wa Mama wa Maziwa

"Kwani huyo mama wa maziwa ndiye alimzaa?" jirani alimuuliza Jacinta, mama yake Dalmas. Tangu kijana huyo augue akili, hakubali mama yake amguse hata bega. Lakini kila asubuhi yule mama wa Kimaasai anayewauzia maziwa hutua mtungi kwa geti, hupangusa kiganja kwa shuka, halafu hungoja bila kuita. Dalmas hutoka mwenyewe, akainamisha kichwa kama watoto wa Kimaasai wanavyosalimia wakubwa, akaguswa utosini. "Sopa, kijana yangu," mama humsalimu kwa Kimaasai. Jacinta huomba Mungu amwondolee wivu, kisha huomba ng'ombe za yule mama zikauke. Leo mama wa maziwa hakuondoa mkono kichwani. Alimgeukia Jacinta pale mlangoni.

"Mama Dalmas, kesho naenda Illasit, sitarudi karibuni. Kuja uweke mkono wako juu ya wangu, azoee wako nikiwa sipo."